Nyama Niliyoionja Mbele ya Watu

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, blanketi na keki kavu. Kisha kijana mmoja wa kitengo chetu cha afya akasimama na kuniuliza mbele ya watu, "Mama Atupele, miaka yote hiyo ulikuwa unajuaje kwamba hili ni sahihi na hili siyo?" Nikamjibu kwamba ukishachoka vya kutosha huoni tofauti. Watu wakacheka, tukashushia keki na soda. Lakini lile lilikuwa jibu la kukwepa, na tangu siku ile limenikaa kooni. Ndiyo maana naandika. Wenzangu vijana, someni mkipata nafasi. Mkikosa, rudini kazini, vyoo vya watu vinawasubiri.

Nilianzia Iringa, chini ya Mzee Kihwaga, afisa afya mwembamba mwenye koti jeupe lenye kiraka kila kiwiko. Siku ya kwanza alinipeleka machinjioni alfajiri, nimevaa buti za mpira za mtu mwingine, miguu ikicheza ndani. Alinikabidhi kisu. "Hiki si cha kumenyea chungwa wala si cha kumwazima shemeji," alisema. "Siku utakayokiazima, acha kazi." Akanionyesha pa kumkata nguruwe: ulimi, moyo, misuli ya bega. Tulikuwa tunatafuta vifuko vya tegu, vidogo, vyeupe, kama punje za mchele uliochemka. Vikionekana, nyama haipigwi mhuri. Inamwagiwa mafuta ya taa na kufukiwa, basi. Mzee alikuwa hana mjadala na mtu. Mwenye nguruwe alie, aape, alete mchungaji, yeye anaandika tu kwenye daftari lake na kuondoka haraka. "Kitabu kilishafikiri kwa niaba yako," alikuwa akiniambia, akimaanisha kitabu cha kanuni za ukaguzi. "Wewe kata, tazama, andika."

Jambo la tegu nitalieleza mara moja, maana wengi wenu mnalijua nusu. Ukila nyama ile haijaiva sawasawa, unapata mnyoo tumboni, na unaweza kuishi naye miaka bila kujua. Mayai yake hutoka na choo chako. Yakimwingia mtu mwingine, kwa maji, kwa mboga, au kwa mkono wako usionawa, vile vifuko huota ndani yake yeye. Vikiota kwenye ubongo, anaanguka kifafa. Shikeni hapo. Anayekula ni mmoja, na anayeanguka anaweza kuwa mwingine kabisa, ambaye hajawahi kulamba hata mchuzi. Kosa la namna hii halionekani kwa macho. Linatembea polepole, linabisha hodi kwenye nyumba isiyohusika, na wewe wakati huo umeshahamishwa.

Baada ya mwaka mmoja nikapangiwa kijiji cha juu, kwenye baridi na ukungu, ambacho sitakitaja. Viazi, mahindi, misitu ya mbao, na nguruwe waliotembea kama wenyeviti wa vitongoji, hakuna wa kuwauliza. Nilikuwa bibi afya wa kata nzima, peke yangu, na Kihehe changu kiliishia kwenye salamu, "Kamwene." Mwezi wa pili tu, familia moja ilichinja nguruwe kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wao. Nilimkuta amejaa vifuko. Nikafanya kama nilivyofundishwa: shimo, mafuta ya taa, udongo. Mama wa mtoto alilia, mimi nikaandika. Kesho yake nilipita pale nikakuta shimo wazi. Walifukua, wakaosha mafuta ya taa kwa majivu, wakachoma harakaharaka kwa kuogopa nisiwakute. Nyama ambayo wangeichemsha kwa utulivu waliila nusu mbichi kwa sababu yangu. Nilikaa kwenye jiwe nikakosa cha kuandika.

Tangu hapo nikaanza kuwaza kwa njia nyingine. Nikajiambia, kanuni ni ya nini kama watu wanaumia zaidi nikiifuata? Bora niangalie mwisho wa jambo. Nilijiona nimepevuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Nafasi ya kujaribu hekima yangu ilikuja haraka. Alifariki mama yake Mzee Kalinga, mwenyekiti wa kijiji. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, barabara imekatika, waombolezaji wamejaa uani, na chakula cha maana kilichokuwepo ni nguruwe mmoja. Nilimkata nikaona vifuko, lakini vichache sana. Kitabu kilikuwa kimeshafikiri. Mimi nikaamua kufikiri tena. Nilimwambia Mzee Kalinga nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kuanzia asubuhi ile mpaka mchana, na mimi nitakaa hapohapo jikoni, hakuna mkono utakaoingia kwenye sufuria. Nikakaa. Moshi ulinitoa machozi kuliko waliofiwa. Kila aliyepita nilimweleza kwamba si kila nyama, ni hii, na ni kwa sababu ya kuchemshwa hivi. Wakaitikia vizuri sana.

Chakula kilipotengwa hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Kalinga akanisogelea taratibu. "Bibi Afya, watu wanaogopa. Wamekuona unachanachana ile nyama. Kwetu hapa, mtu mwenye neno juu ya chakula ndiye anaanza kukila. Akinyamaza asile, na sisi hatuli."

"Mzee, nimewaeleza tangu asubuhi."

"Umeeleza, ndiyo. Sasa kula."

Nikachukua pande moja mbele ya watu wote, nikatafuna, nikameza. Uani pakasikika kama watu wameshusha pumzi kwa pamoja, kisha wakala. Hakuna aliyeugua. Nililala usingizi mzuri wiki nzima, na leo nikiukumbuka usingizi ule ninaona aibu.

Miezi michache baadaye nilimkuta mama mmoja kijana, tumwite Mama Eliza, akichoma nguruwe siku ya mnada, kando ya wauza ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno, binti yake mchanga amefungwa mgongoni kwa kitenge. Nikainama kwenye nyama yake nikaviona vifuko vimejaa, hata havihitaji kisu.

"Mama Eliza, hii hapana. Hii ifukiwe."

Akacheka bila ubaya wowote. "Haa, Bibi Afya! Si ndiyo ileile uliyokula kwenye msiba?"

"Ile ilichemshwa kutwa. Niliwaeleza wote."

"Sisi hatukusikia, tulikuona," alisema, akageuza mshikaki.

Siku ile nilimwaga nyama yake, lakini maneno yake sikuweza kuyamwaga. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaelewa kwamba punje zile hazina neno, maana hata Bibi Afya alizila. Nilipita nyumba kwa nyumba miaka miwili, nikasimama kanisani baada ya matangazo, nikachora ubaoni mnyoo uliofanana zaidi na mkanda wa suruali. Wakanisikiliza kwa heshima na kwenda kuchoma. Kisha ikaja barua ya uhamisho. Niseme ukweli, nilipoisoma nilifurahi.

Nilipelekwa bonde la Usangu, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Huko nilikutana na Mzee Masanja. Fahali wake mkubwa alikufa ghafla usiku, na asubuhi nikaitwa. Nilikwenda nikijua yatakayonipata: mwenye mali atabembeleza, majirani watakuja na visu, mimi nitageuka adui wa kata. Nikakuta mzee na wanawe wameshamfukia fahali, kina cha kimo cha mtu, na miiba juu yake. Nikamuuliza kama aliogopa sheria. Akasema sheria hajaisoma. Nikamuuliza kama aliujua ugonjwa. Akasema kuujua ni kazi yangu mimi. "Mama, mimi hapa nimekuja juzi. Nikiwalisha watu mzoga, halafu nitakuwa mtu gani?" Nikaandika tu kwenye daftari kwamba shimo linafaa. Mzee Kihwaga angeuliza kitabu kinasemaje. Mimi ningeuliza nani ataumia. Masanja alijiuliza yeye ni nani, na alimaliza kazi kabla sisi wawili hatujavaa buti.

Baadaye nilikaa mwaka mmoja Makongolosi, kwa wachimba dhahabu, ambako kila mtu ana haraka na hakuna anayechimba choo, ingawa kuchimba ndiyo kazi yao. Mwishoni nikaletwa Mbeya mjini. Nikajenga kibanda changu Ilomba, kazini nikishughulika zaidi na mabucha na vibanda vya chakula vya upande wa Iyunga. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na madaktari wakashauri nistaafu mapema kwa ugonjwa. Nilikuwa nahesabu miezi.

Ilipobaki minane nikapigiwa simu na Mama Eliza. Sauti ilikuwa ileile, uchangamfu haumo. Binti yake, Eliza, sasa ana miaka kumi na mitatu, na tangu akiwa na tisa anaanguka. Wameandikiwa kwenda kupigwa picha ya kichwa katika hospitali ya rufaa, na Mbeya hana mtu anayemjua ila mimi. Nikamwambia aje kwangu. Akaja na viazi debe zima, maharage, na jogoo aliyefungwa miguu, akapiga goti mlangoni kunisalimia. Nikamwinua. Eliza alikuwa mrefu, mpole, na kichwani nywele zake zimenyolewa.

Picha ikapigwa. Daktari akawaeleza kwamba ni vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, akaandika dawa za kuzuia kuanguka, za kunywa kila siku, pengine kwa miaka. Mama Eliza alirudi nyumbani amekasirika. Alikaa jikoni kwangu akachukua ungo wa mchele na kuanza kuchambua kwa nguvu.

"Eti minyoo ya nguruwe! Mtoto wangu hajawai kula nguruwe hata siku moja. Toka mdogo akinusa tu anatapika. Sasa hiyo minyoo imepanda kichwani na ngazi? Hawa wanatuona washamba tu."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi sioni, najua. Wifi yangu Roida alimsuka Jumamosi. Jumapili yake mtoto akaanguka kanisani, mate yanamtoka. Nywele zake amezipeleka wapi? Nikirudi namtafutia mtaalamu. Hizi dawa za kunywa mpaka uzeeni sizitaki." Akaongeza kwa sauti ya kunifariji, "Na nyama ya kule ingekuwa na ubaya, si ungekufa wewe wa kwanza? Ulikula, wote tukakuona."

Nikammiminia chai. Sikusema neno, na si siku ile tu. Nilinyamaza siku mbili nzima, naye akiniosha vyombo na kuniombea baraka kabla ya kula.

Nataka mjue nilichokuwa nikifikiri, maana mtakuja kufikiri hivyohivyo. Nilijiambia hakuna uhakika kwamba chanzo ni mimi, na kweli hakuna. Nilijiambia kitabu hakimtaki mkaguzi kuungama kwa wananchi. Nilijiambia nikimwondolea Roida mzigo nitamtwisha Mama Eliza, maana aliyekuwa akichoma nyama ile na kuonja huku mtoto yuko mgongoni ni yeye, na huenda mnyoo uliishi tumboni mwake mwenyewe. Je, ni vizuri kumwambia mama jambo kama hilo? Kila sababu ya kunyamaza ilikuja imevaa vizuri, imeoga. Chini yake kulikuwa na mwanamke mwenye miezi minane ya kustaafu anayeogopa jina lake.

Siku ya tatu asubuhi Mama Eliza alikwenda kuchukua dawa. Eliza alikuwa uani ananimenyea maharage mabichi, mara bakuli likaanguka, naye akafuata. Nilimlaza ubavu, nikasogeza mawe, nikasubiri. Dakika zile ni ndefu hata kwa mtu wa afya. Alipozinduka alitazama huku na huku, akanishika kanga.

"Bibi, mama ameona?"

"Hajarudi."

"Naomba usimwambie nimeanguka. Akijua ataenda tena kumtukana shangazi."

Miaka minne mtoto yule alikuwa akificha ugonjwa wake ili mtu mwingine asiumizwe. Nililia, nikiwa nimekaa chini na maharage yametapakaa. Sikupima tena kitabu wala matokeo.

Mama Eliza aliporudi nilimketisha nikamweleza yote tangu mwanzo: nyama ya msiba, vifuko nilivyoviona, kanuni niliyoiruka, pande nililokula. Nikamweleza jinsi mayai yanavyotoka kwa mtu mmoja na kumwingia mwingine ambaye hajala. Alikuwa ameshika mfuko wa dawa mapajani. Akauliza polepole, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijui ni nani. Hakuna daktari atakayejua. Lakini ile nyama nilianza kuila mimi, nyinyi mkanifuata."

"Na Roida?"

"Roida alimsuka mtoto nywele. Basi."

Nilingoja anitukane, na ningepumua angenitukana. Mwishowe akasema, "Twende ukamwambie wewe. Mimi kwa mdomo huuhuu niliomwitia mchawi, siwezi."

Nikaomba ruhusa kazini. Tulipofika Iringa niliwaacha kwa ndugu yao kwa saa moja nikaenda kumsalimia Mzee Kihwaga, sasa mzee sana, anaota jua kibarazani. Nilimweleza. Nilitegemea karipio. Akasema, "Kitabu kinasema ile nyama ifukiwe. Ufanye nini baada ya kuila, hakisemi." Akafuta miwani kwa pindo la shati. "Na mimi nilikuwa najua wanafukua, Atupele. Kila mara nilijua. Ndiyo maana nilikuwa naondoka mapema." Miaka yote nilidhani haraka yake ilikuwa ya kuwahisha daftari ofisini.

Kijijini tulipitia kwanza zahanati, nikakubaliana na mganga kwamba familia ya Mama Eliza na majirani watapimwa choo, na wenye tegu watapewa dawa. Eliza alikuwa ameanza vidonge vyake, na mama yake ndiye aliyemhesabia kila asubuhi. Hilo lilikuwa limeshashika. Likabaki lile lingine.

Roida alikuwa anapalilia viazi. Nyumba yake iko pembeni, na njia ya kwenda kwake imeota majani, jambo lililonieleza kila kitu kabla hajafungua mdomo. Hajazaa, mume alishafariki. Watoto wa kijiji, nilielezwa baadaye, walifundishwa kuzunguka shamba lake. Zamani yeye ndiye aliyewasuka wote, Jumamosi foleni mpaka barabarani.

"Kamwene, mama," nilisema.

"Kamwene." Alinitambua. Akamwona na wifi yake amesimama kule kwenye kona ya uzio na Eliza, hasogei. Akaweka jembe chini, akanitolea kigoda, yeye akakaa kwenye tuta. Sijui nilizungumza muda gani. Nilieleza kila kitu kama nilivyokieleza Ilomba, safari hii taratibu zaidi, maana hakuniuliza swali hata moja. Nikamwambia wazi kwamba hakumfanyia mtoto yule jambo lolote baya, na kwamba nimekuja kusema hivyo kwa mdomo wangu, na nitasema tena mbele ya mwenyekiti na kanisani kama atapenda. Nikamwomba msamaha.

Alikuwa anatazama viganja vyake, udongo umeshikamana kwenye kucha.

"Miaka minne," alisema. "Wanaambiana, na mimi nawasikia. Mwanzo nilikataa. Baadaye nikawa nakaa hapa peke yangu nawaza ile Jumamosi, nilimshikaje, nilivuta nywele wapi." Akaikunja mikono akaificha kwenye kanga. "Bibi Afya, mimi nilishaanza kuamini kwamba ni mimi."

Kule kwenye uzio Mama Eliza alisikia, akakaa chini palepale njiani.

Nilisema kanisani Jumapili iliyofuata, kama nilivyoahidi. Watu walinisikiliza kwa heshima. Nasikia siku hizi Eliza huenda kwa shangazi yake akakaa kutwa, na wifi wawili wale wanasalimiana. Lakini Roida, mpaka leo, hasuki kichwa cha mtoto yeyote.